Gari la Barua na Jina Lake
Magari ya moshi ya abiria yaliyochukua posta mara nyingi yalipewa jina la mahali barua ziendako. Huko Bara Hindi, tarehe 1 Septemba 1928, lilianza safari gari liitwalo Frontier Mail, yaani Barua za Mpakani. Lilipokea posta iliyoletwa na meli za Ulaya pale Bombay, likaipeleka hadi Peshawar, karibu na mpaka wa Afghanistan. Mwaka 1947 nchi ikagawanywa. Peshawar ikawa Pakistani, na gari likaishia Amritsar. Jina halikubadilishwa mpaka 1996, lilipoitwa Golden Temple Mail kwa heshima ya hekalu la Masingasinga mjini humo. Hivyo kwa karibu miaka 50 jina lilitaja safari ambayo abiria wake hawakuweza kuifanya tena.