Makovu ya Gitaa la Besi

Mtu aingiapo ukumbi wa dansi humtazama mwimbaji, humshangilia mpiga solo, na miguu yake huifuata ngoma. Besi haimshughulishi hata kidogo. Lakini mpiga besi na aache kupiga kwa nusu dakika tu, wachezaji wote hupotewa na hatua, na hapo ndipo vichwa hugeuka jukwaani kutazama kuna nini. Historia ya chombo hiki imekwenda vivyo hivyo. Magitaa ya besi yaliyozungumzwa sana duniani ni yale yaliyovunjika, yaliyopotea au yaliyoibwa. Mimi si mwanamuziki. Ni mtumishi wa serikali ambaye sehemu ya kazi yake ni kuhesabu mali na kuuliza iliyopungua imekwenda wapi, na habari hizi nimezifuatilia kwa jicho la mtunza daftari. Nililotaka kulijua ni jambo moja: kitu kilichopotea miaka ishirini, au hamsini, hutambuliwaje kuwa ndicho chenyewe?

Chombo chenyewe si cha kale. Gitaa la besi la umeme la kwanza kuenea ni lile liitwalo Precision, ambalo Leo Fender wa California alilitoa mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi alihangaika na lile zeze kubwa la kusimama, lenye kimo cha kumpita mtu mzima, ambalo mwizi angehitaji mwenzake wa kumsaidia kulipitisha mlangoni. Fender aliwapunguzia wapigaji mzigo, na bila ya kukusudia akawapunguzia wezi pia.

Wako waliojitakia hasara wenyewe, na hao sitakaa nao sana. Tarehe 20 Septemba 1979, katika ukumbi wa Palladium mjini New York, Paul Simonon wa bendi ya The Clash ya Uingereza alikasirika kwa sababu walinzi waliwakataza watazamaji wasiinuke vitini, akalishika gitaa lake la Precision shingoni na kulipigiza sakafuni kama mtu apasuaye kuni. Pennie Smith alikuwapo na kamera yake. Picha ile ikawa jalada la sahani yao ya London Calling, na vipande vya gitaa vikaishia katika jumba la makumbusho la London. Mwaka 1992 naye Krist Novoselic wa Nirvana aliirusha besi yake juu sana mbele ya kamera za televisheni, akakosa kuidaka, ikamshukia usoni. Alipata maumivu, lakini mtu aliyetupa mali hewani hawezi kudai fidia.

Msiba wa kweli ni wa James Jamerson. Alizaliwa South Carolina mwaka 1936, akahamia Detroit akiwa kijana, na ndiye aliyepiga besi katika nyingi ya sahani za kampuni ya Motown zilizotikisa dunia katika miaka ya sitini. Watu wa mabara yote walicheza kwa kidole chake bila ya kulijua jina lake, na nasema kidole kwa maana alitumia kile kimoja tu cha shahada cha mkono wa kulia. Wapigaji wa studio hawakuandikwa majina kwenye majalada ya sahani hizo. La Jamerson liliandikwa mwaka 1971, katika What's Going On ya Marvin Gaye. Gitaa lake kuu lilikuwa Precision la mwaka 1962, lililopewa jina la Funk Machine. Nyuzi zake zilikuwa nene na nzito, naye hakuzibadilisha mpaka zikatike. Penye kisigino cha shingo, pale inapoungana na kiwiliwili, alikuwa amelichora neno FUNK kwa mkono wake.

Motown ilipohamia Los Angeles mwaka 1972, Jamerson aliifuata, lakini kazi ilikuwa imekwisha kupungua, na ulevi ukamzidi. Alikwisha kuibiwa gitaa jingine huko nyuma. Hili la pili liliibwa siku chache tu kabla ya kufa kwake, na alifariki tarehe 2 Agosti 1983, akiwa na miaka 47, bila ya kulishika tena. Mwaka 2000 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wanamuziki wakubwa wa Marekani. Nikilifikiria lile neno FUNK hupata uchungu, kwa kuwa kwa upande wa daftari Jamerson alifanya yote yaliyotakiwa: alitia alama mali yake. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda mlango kwa mlango akiiulizia.

Hebu tumlinganishe na Jaco Pastorius wa Florida. Huyu alikuwa na gitaa la Fender aina ya Jazz Bass la mwaka 1962, akaving'oa vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, akaziba mifuo iliyobaki, kisha akaipaka shingo nzima ile dawa ngumu wanayopaka mashua ili maji yasiingie. Kwa ufundi huo wa kienyeji gitaa likatoa sauti ya kuteleza na kulia kama mtu, na tangu mwaka 1976, alipotoa sahani yake ya kwanza na kujiunga na bendi ya Weather Report, wapigaji besi wengi walilazimika kuanza kujifunza upya. Gitaa hilo yeye aliliita Bass of Doom.

Maradhi ya akili yalimwandama Jaco, na kufikia katikati ya miaka ya themanini alikuwa akizurura mitaani New York. Katika mambo hayo gitaa likapasuka vipande vingi. Mafundi wawili walikaa nacho kipande kimoja kimoja, wakavipanga na kuvigundisha, pengo wakaliziba, juu wakatia ubao mwembamba, mpaka likapigika tena. Halikukaa naye. Mwaka 1986 aliliacha juu ya benchi katika bustani moja ya mji huo, na alipogeuka halikuwapo. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Septemba 1987, Jaco alifariki kwa majeraha ya kipigo alichopata mlangoni pa kilabu huko Florida. Alikuwa na miaka 35.

Zaidi ya miaka ishirini ilipita, ndipo mwaka 2008 zikatangazwa habari kwamba gitaa liko katika duka moja huko huko New York. Hapo ndipo mtu wa daftari anapoketi vizuri kitini. Magitaa ya Fender ya mwaka 1962 ni mengi, na laghai anaweza kung'oa vyuma na kupaka dawa ya mashua. Lakini hakuna awezaye kuvunja gitaa jingine likapasuka kwa mistari ile ile, na kuligundisha kwa viungo vile vile. Nyufa zilezile zilizomtia Jaco hasara ndizo zilizosimama kuwa hati ya umiliki. Kulitokea mvutano wa kisheria kati ya mwenye duka na familia, na mwaka 2010 Robert Trujillo, mpiga besi wa Metallica, alitoa fedha zake kulikomboa kwa makubaliano na familia hiyo. Kwa maoni yangu ni tendo la kiungwana kuliko yote katika habari hizi.

Nakuja sasa kwenye gitaa lililotafutwa kuliko mengine yote. Mwaka 1961 Paul McCartney, kijana wa Liverpool aliyekuwa akipiga muziki katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, alitwishwa kazi ya besi baada ya Stuart Sutcliffe kuiacha bendi. Fender lilikuwa ghali mno kwake. Akanunua Höfner aina ya 500/1, lenye umbo la fidla, kwa kiasi cha paundi 30. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na gitaa hilo, kwa kuwa pande zake mbili zilifanana, halikuonekana limegeuzwa. Ndilo lililosikika katika sahani za mwanzo za Beatles. Mwaka 1963 alipata Höfner jingine, na lile la kwanza likawa la akiba. Mwaka 1964 likatengenezwa na kupakwa rangi upya, na vile vinasa sauti vyake viwili, vilivyokaa karibu karibu upande wa shingo, vikawekewa fremu moja ya mbao. Yakumbukwe mabadiliko hayo.

Kisha likapotea. Kwa miaka mingi ilisemekana liliibwa studio mwanzoni mwa mwaka 1969, walipokuwa wakirekodi na kupigwa filamu, na waandishi walinakiliana habari hiyo bila ya kuuliza. Nick Wass, aliyepata kufanya kazi na kampuni ya Höfner, alianza kulitafuta mwaka 2018. Mwaka 2023 aliungana na Scott na Naomi Jones, mume na mke waandishi wa habari, wakatangaza hadharani kwamba ye yote anayejua lo lote aseme. Barua zilikuja kwa mamia. Miongoni mwake ilikuwa ya fundi wa sauti aliyefanya kazi na Wings, bendi ya McCartney ya baadaye, akieleza kwamba gitaa liliibwa usiku wa tarehe 10 Oktoba 1972, ndani ya gari la vyombo lililoegeshwa Notting Hill, London. Kwa hiyo miaka yote hiyo watu walikuwa wakitafuta mahali pasipo penyewe na mwaka usio wenyewe! Atakayesema kwamba ushahidi wa mfanyakazi wa nyuma ya jukwaa si historia, na alitafakari hilo.

Toka kwa mwizi, ikaja kujulikana, lilifika kwa mwenye baa ya jirani. Toka hapo gitaa likapita katika mikono ya familia, likaishia darini katika nyumba moja mjini Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza, na waliokuwa nalo ndio waliojitokeza baada ya kusikia tangazo. Shingo ilikuwa na ufa, na lilihitaji matengenezo kabla ya kupigika. Lakini rangi ile ya 1964, fremu ile ya mbao na mikwaruzo ya miaka ya jukwaani vililinganishwa na picha za zamani, na mwezi Februari 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwa mwenyewe. Tarehe 19 Desemba mwaka huo huo McCartney, akiwa na miaka 82, alilipiga mbele ya watu katika ukumbi wa O2, London.

Kwetu mambo yalikuwa na sura nyingine. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz, ya mwaka 1971, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake, besi ikabaki kumngoja mrithi wake. Ndiyo sababu ni vigumu kwetu kusimulia habari za besi ya fulani.

Shule yetu nayo ilipata kuwa na besi. Niliposoma mimi, miaka ya tisini, kulikuwa na boksi lake tupu tu katika stoo, na tulipolitazama daftari la mali tulikuta maneno haya: gitaa, 1. Halikutajwa aina, wala namba, wala rangi. Kwa maandishi hayo hata likiletwa leo na polisi hatuwezi kuapa kwamba ni letu. Kwa hiyo namwomba kila ndugu mwenye picha ya bendi ya shule, hata iliyofifia, ampe mhariri aipige nakala, na hasa zile ambamo mpiga besi ameonekana pembeni kwa bahati tu. Kaka zetu waliomaliza mwaka 1978 wanaapa kwamba lilikuwa jekundu. Wale wa 1981 wanasema kahawia. Wote wanakubaliana kwamba lilikuwa limepasuka ubavuni, na seremala wa shule akaliziba kwa kipande cha bati na misumari minne.