Kengele na Ngoma: Siku Moja ya Mafunzo Gitega

Sisi walimu tumezoea kuidhania kengele kuwa ni chombo kisichohitaji mafunzo. Katika shule zetu nyingi kengele yenyewe ni ringi ya gurudumu la gari iliyotundikwa juu ya tawi la mkaratusi. Mwanafunzi wa zamu huigonga kwa kipande cha nondo, na watoto huingia darasani. Kwa hiyo tulipoalikwa, walimu tisa wa Muyinga, kwenda kushinda siku moja katika parokia moja ya Gitega ili tufundishwe upigaji wa kengele ya kanisa, wenzetu walitucheka. Tulishika njia ya Karuzi alfajiri, nasi pia, kusema kweli, tulikuwa tukicheka.

Kicheko kilitutoka mara tuliposhika kamba. Kengele inayobembea haivutwi kwa nguvu tu. Mpigaji huivuta kamba chini, kisha huiachia ipande na uzito wa kengele, na kuingojea irudi kabla ya kuvuta tena. Asiyejua huvuta bila kukoma, akashindana na chuma, na kamba ikamchoma viganja. Kadhalika, pigo halisikiki pale mkono unapovuta, bali baadaye kidogo, ulimi unapoufikia ukingo. Mpigaji hana budi kutangulia sauti yake mwenyewe. Njia ya pili ni kuiacha kengele imetulia, ukavuta ulimi peke yake. Hiyo ndiyo njia tuliyofundishwa kwa mapigo ya maziko, yanayokwenda polepole, moja moja.

Mambo hayo ya mkono tuliyapata kabla ya saa sita. Lililotushinda ni jambo jingine. Sala ya Malaika wa Bwana hupigiwa kengele asubuhi, adhuhuri na jioni: mapigo matatu, kituo, matatu, kituo, matatu tena, kituo, halafu kengele hubembezwa mfululizo. Sisi tuliyahesabu mapigo kwa usahihi wa walimu wa hesabu, lakini mzee aliyetufundisha alitikisa kichwa. “Walimu wangu,” alisema, “msihesabu chuma, hesabuni sala.” Kila kituo kina urefu wa Salamu Maria moja, na asiyeisali moyoni hawezi kukipatia kipimo chake. Aliyefahamu upesi kuliko wote alikuwa mwenzetu Mwislamu. Yeye alitukumbusha habari iliyopokewa katika hadithi, kwamba Waislamu wa mwanzo kule Madina walishauriana juu ya namna ya kuitana, wakataja hata kengele, na mwisho wakachagua sauti ya mwanadamu. Mwadhini naye, alisema, hufundishwa mahali pa kunyamaza.

Hapo ndipo tulipoanza kuitazama historia ya mahali tuliposimama. Nchi hii ilikuwa na wito wake kabla ya kengele kufika. Katika Kirundi neno “ingoma” lina maana ya ngoma na pia ya ufalme, wala haya si maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Karyenda, ngoma takatifu, ilikuwa alama ya utawala wa Mwami. Katika sikukuu ya umuganuro, wakati wa kupanda mtama, ngoma zilitangaza kwamba ruhusa ya kupanda imetolewa. Ngoma za ikulu zilitangaza pia kuamka kwa Mwami na kulala kwake. Gishora, kilima kilicho karibu na Gitega, ambacho mapokeo hukihusisha na Mwami Mwezi Gisabo, kilihifadhi ngoma mbili zenye heshima kubwa, Ruciteme na Murimirwa. Majina yake yanazungumzia kufyekewa na kulimiwa, kana kwamba shamba zima lilikuwa likiitikia ngozi na mti.

Elimu ya abatimbo, yaani wapigaji wa ngoma hizo, haikuwa ya siku moja. Ilirithiwa katika koo, baba akimwachia mwana. Ngoma iliyo katikati, inkiranya, huongoza. Amashakwe hushikilia mwendo usiokatika. Ibishikizo hufuata mabadiliko ya kiongozi. Mtoto aliyekulia humo alijua mengi kabla hajakabidhiwa imirisho, vijiti vya kupigia.

Mapadri Wamisionari wa Afrika, waitwao Wapadri Weupe, walianzisha misheni ya Muyaga, upande wa mashariki, mwaka 1898, na ile ya Mugera, kaskazini ya Gitega, mwaka 1899. Pamoja na misheni huja ratiba: saa ya sala, saa ya katekisimu, saa ya shule. Haikuhitaji ukoo kuupokea wito huo mpya. Mtu yeyote mwenye mikono aliweza kufundishwa kamba, na hili, kwa maoni yetu, ndilo badiliko kubwa kuliko sauti yenyewe. Mchana ukagawanyika kwa namna nyingine. Hata Kirundi kikalipokea neno letu “saa”, kikaliita “isaha”, kikihesabu toka macheo kama tuhesabuvyo sisi.

Kengele haikuwa na kazi moja tu popote ilipokwenda. Kule Frere Town, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, kengele ilipigwa kuwaonya watu juu ya hatari ya wavamizi wa utumwa. Hadi leo mahali hapo huitwa Kengeleni. Na huko Uingereza kuna ufundi ambao ungetuchosha sisi tisa mwaka mzima: kengele hufungwa kwenye gurudumu kubwa, huzunguka karibu duara kamili, na wapigaji hubadilishana zamu kwa hesabu. Kengele saba zina mipangilio 5,040 bila kurudia hata mmoja. Wanagenzi wa huko mara nyingi hufungiwa ulimi wa kengele kwanza, ili makosa yao yasisikike kijijini. Laiti sisi tungefanyiwa hivyo.

Wito wa ngoma na wa kengele, wote wawili, umeonja kunyamazishwa. Ufalme ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966, na ngoma ikabaki bila Mwami wa kumwamsha. Abatimbo waliendelea, wakasafiri duniani, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Lakini anayeisikia leo huketi kutazama, ambapo babu yake angeinuka kwenda kupanda. Ama kanisa, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Bagaza, ulioanza 1976 na kuanguka Septemba 1987, lilibanwa hata ibada za siku za kazi zikazuiliwa. Vizuizi hivyo viliondolewa baada yake. Tulimwuliza mzee juu ya miaka ile. Alijibu kwamba kamba haisahau, ila watu husahau vituo.

Jioni, saa kumi na mbili, alitukabidhi kengele ili tuitumikie parokia kwa kweli. Tulipiga matatu, tukasali, tukapiga matatu. Barabarani mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alikuwa amesimama, mkono u kifuani. Katika kundi la tatu kamba ilitutangulia, likatoka pigo la nne. Mama aliinua uso, akautazama mnara kwa muda. Mzee alitwaa kamba mikononi mwetu bila neno, akangoja urefu wa Salamu Maria, akaibembeza kengele mwenyewe mpaka mwisho.