Wikipedia ilikaa wapi? Historia fupi ya kutafutia tovuti kubwa nyumba

Najua nimeadimika hapa, kazi imenibana. Leo nina kisa, kisha nina historia.

Nina mteja, mzee mmoja mstaafu wa ualimu, mwenye tovuti ya karatasi za mitihani iliyopita. Juzi alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Kijana, tovuti imeenda wapi?" Ilikuwa wiki ambayo wanafunzi wanaitafuta usiku na mchana, na kampuni iliyoipangisha ilikuwa imeifunga. Mpango niliomchagulia (ndiyo, ni mimi) uliuzwa kwa jina la "bila kikomo". Nilipouliza, nikaambiwa kisicho na kikomo ni nafasi ya diski na data inayopita. Muda wa prosesa na idadi ya faili vina kikomo, nasi tulikuwa tumevivuka vyote viwili. Mzee anataka mpango mpya kabla ya Ijumaa.

Nikakaa nikajiuliza, hizi tovuti kubwa kweli kweli zilichagua vipi? Nyingi huficha mambo yao. Lakini Wikipedia tangu mwanzo mafundi wake wameandika hadharani kila walipoanguka, kwa hiyo historia yake inafuatika.

Ilianza tarehe 15 Januari 2001, na haikuchagua chochote. Ilikaa bure kwenye seva ya Bomis, kampuni ya Jimmy Wales, huko San Diego, Marekani. Programu yake ya kwanza, UseModWiki, haikuwa hata na hifadhidata. Kila makala ilikuwa faili la maandishi. Januari 2002 wakahamia programu iliyoandikwa kwa PHP na MySQL na Magnus Manske, mwanafunzi wa Ujerumani. Tovuti ikalemewa, na Julai mwaka huohuo Lee Daniel Crocker akawa ameiandika upya. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa MediaWiki. Naomba uliangalie hilo vizuri, maana ni kosa langu hasa. Walipolemewa waligusa programu, si mashine tu. Mimi kwa mzee nilikuwa nimenunua nafasi kubwa zaidi mara mbili bila kufungua msimbo.

Kufikia mwisho wa 2003 seva zake bado zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Desemba hiyo mitambo ikafeli, na Wales akawaomba wasomaji dola 20,000. Lengo likapitwa ndani ya siku chache. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza walikuwa na uwezo wa kuchagua. Kwa fedha hizo wakanunua mashine zao wenyewe, wakakodi nafasi katika kituo cha data Tampa, Florida, wakahamia mwanzoni mwa 2004. Yaani chuma ni chako, ila chumba, stima na waya wa intaneti unalipia kodi.

Mwaka huohuo wakaweka Squid mbele ya kila kitu, na kwangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote. Squid ni programu huria inayohifadhi nakala ya ukurasa uliokwisha kutengenezwa. Msomaji wa kwanza akiomba makala, hifadhidata inafanya kazi. Wa pili hadi wa elfu moja wanapewa nakala ileile, na hifadhidata haijui hata kwamba walipita. Makala ikihaririwa, nakala inafutwa. Wanaosoma ni wengi mno kuliko wanaohariri, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo inaishia mlangoni.

Tampa ilikuwa na ubaya wake. Februari 2005 swichi za usalama za stima zilijikata katika kituo kile, seva zote zikazimika kwa pamoja. Stima ilirudi mapema, lakini hifadhidata kadhaa zilikuwa zimeharibika, zikachukua saa nyingi kutengenezwa. Diski ilikuwa imeahidi "nimeshaandika" kabla ya kuandika. Waliokoka kwa sababu nakala zilikuwa kwenye zaidi ya mashine moja.

Mwezi huohuo ilijulikana kwamba Google imejitolea kuwasaidia kuipangisha. Hebu fikiria, tovuti isiyo na matangazo, yenye deni la umeme kila mwezi, inabishiwa hodi na Google! Mimi ningefungua mlango huku nikikimbia. Hawakuhamia. Yahoo nayo ilitoa seva huko Seoul zilizotumika kwa muda kuhudumia wasomaji wa Asia, na nyingine zikawekwa Amsterdam. Lakini hizo za mbali zilikuwa hasa za nakala za kurasa. Hifadhidata kuu ilibaki Florida, mikononi mwao. Nadhani walielewa kwamba anayekuazima baraza hawezi kukufukuza nyumbani.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu 2003, kwa hiyo makala zetu nazo zilikuwa zikilala Florida. Kabla ya waya wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, data ya Kenya ilipita kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu. Ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, tayari nusu sekunde imeisha kabla seva haijawaza lolote. Nakumbuka nikiwa shule ya msingi, pale saiba, ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari huku dakika za malipo zikiyoyoma. Nilidhani ni tarakilishi mbovu.

Kuhama Tampa kuliwachukua miaka. Tarehe 6 Agosti 2012, wakiwa katikati ya uhamisho, nyaya mbili za fiber kati ya Tampa na kituo kipya cha Ashburn, Virginia, zilikatika, na Wikipedia ikatoweka kwa takriban saa moja. Januari 2013 Ashburn ikawa makao makuu. Kisha wakaongeza kituo cha akiba Texas, na Aprili 2016 wakafanya jambo ambalo sijaona mtu akilifanya hapa kwetu. Wakahamishia tovuti nzima Texas kwa siku mbili, kwa makusudi, ili waone kama akiba ni akiba kweli. Vituo vya nakala vikafuata Singapore 2018, Marseille 2022, São Paulo 2024. Afrika bado hakuna.

Haya, turudi kwa mzee. Nimempangia seva pepe mbili ndogo kwa kampuni moja, kache mbele, na nakala ya hifadhidata kila usiku kwa kampuni nyingine kabisa. Juzi Jumatano nilizima seva ya kwanza makusudi, mchana kweupe, tukiwa naye kwenye simu. Ikachukua dakika kumi na nane kurejea kwenye ya pili. Nikamweleza yote hayo kwa fahari, Squid na Tampa zikiwemo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza:

"Na hii, kijana, ina kikomo?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu. Nimekuandikia kwenye karatasi."