Rasi Hafun, ncha ya mashariki ya bara la Afrika

Wengi hudhani kwamba bara la Afrika huishia mashariki kwenye Rasi Guardafui, kileleni mwa Pembe ya Afrika. Sivyo. Nchi kavu iliyojitokeza zaidi baharini ni Rasi Hafun, kilomita 150 hivi kusini mwa Guardafui, katika jimbo la Puntland nchini Somalia.

Hafun ingekuwa kisiwa kama si ukanda mrefu wa mchanga unaoiunganisha na bara. Aendaye kwa gari hana budi kuupitia, na kwa sababu za usalama wageni hawasafiri huko bila walinzi wenye silaha. Mbele yake ni majabali makavu na bahari tupu. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, upepo huvuma kwa ukali hata wavuvi hufunga kazi. Kaskazi ikianza, hurejea kuvua papa na kambakoche.

Upweke huo si wa kale. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, wataja bandari ya Opone, ambayo wataalamu wengi huamini ndiyo Hafun. Ilisifika kwa mdalasini na magamba ya kasa. Kutoka hapo vyombo viliteremka hadi Azania, pwani ambayo baadaye ikawa ya Waswahili. Mwaka 1975 mwanaakiolojia Neville Chittick, yule yule aliyefukua Kilwa na Manda, alizuru Hafun na kukuta vigae vya vyombo kutoka ulimwengu wa Kirumi. Waitaliano nao waliupa mji huo jina la Dante na kujenga kiwanda kikubwa cha chumvi, kilichoharibiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Magofu yake yangalipo.

Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yaliyozuka karibu na Sumatra yalisafiri kwa takriban saa saba kabla ya kuipiga Hafun. Saa saba! Nchini Kenya, ambako watu waliondolewa ufuoni, alikufa mtu mmoja. Somalia, iliyokuwa haina serikali kuu yenye nguvu, ilipoteza watu karibu 300, na hakuna mahali palipoumia kuliko Hafun. Onyo halikuwafikia. Baadaye nyumba mpya zilijengwa mbali zaidi na maji, ingawa mashua na nyavu zingali pale pale ufuoni.