Mzururaji ni nani?

Mwenye gari akizunguka mjini bila shughuli tunasema katoka kupunga upepo. Mwenye kandambili akifanya hivyohivyo saa tano usiku, huyo anazurura, na anaweza kupandishwa karandinga. Wahenga walishaliona: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Lakini methali haifungi mtu jela. Nilitaka kujua sheria ilianzaje kusema lugha hii, nikajikuta naisoma historia ya Uingereza.

Mwaka 1349, tauni ilipokuwa imeua watu wengi mno huko, vibarua waliadimika, waliobaki wakadai ujira mkubwa zaidi. Mfalme Edward III akaamuru kila mwenye nguvu afanye kazi kwa ujira ule wa zamani, na ikawa marufuku kumpa sadaka ombaomba anayeweza kufanya kazi. Tusidanganyane, hapo tatizo halikuwa uvivu. Tatizo lilikuwa bei ya kibarua. Mwaka 1547 wakazidisha: asiye na kazi aliweza kupigwa chapa ya herufi V kifuani na kufanywa mtumwa kwa miaka miwili. Sheria hiyo haikudumu, ilifutwa 1550.

Iliyotufikia sisi ni ya 1824. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha 1815, na askari wengi walirudi nyumbani wasikute kazi. Sheria ikasema ni kosa mtu kuzunguka akionyesha majeraha au kilema chake ili apate sadaka. Yaani mkono uliokatikia vitani kwa ajili ya mfalme, ukiuonyesha barabarani, unakupeleka jela! Humo humo akatajwa mtu asiye na njia ya riziki inayoonekana, tena asiyeweza kujieleza vizuri.

Maneno hayo yakapanda meli. Yaliingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika iliyoanza 1930, kwenye vifungu vya 176 na 177 vilivyohusu wazembe na wazururaji. Hebu fikiria kijana wa Kizaramo wa wakati ule. Serikali inamdai kodi ya kichwa, inaitaka kwa fedha taslimu. Fedha ziko Dar es Salaam, bandarini na majumbani kwa wazungu. Anakwenda kutafuta kibarua. Siku ambayo hajakipata, serikali ileile inamwita mhuni, inamkamata kwenye msako na kumrudisha kijijini, ambako kodi inamsubiri. Ajieleze vizuri kwa nani, na aseme nini zaidi ya ukweli kwamba anatafuta kazi?

Uhuru ulikuja, vifungu vikabaki. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na ajira inayotambulika wakakusanywa mitaani Dar es Salaam wapelekwe mashambani. Najua hali ilikuwa ngumu: vita vya Kagera vimetafuna hazina, madukani hakuna sabuni wala sukari. Sokoine nampa heshima yake, kwa kuwa wahujumu uchumi wenye mali nao aliwaandama mwaka huohuo. Ila muuza karanga alikuwa anafanya kazi. Ilichokosa kazi yake ni karatasi tu. Kwamba nchi iliyojiita ya wakulima na wafanyakazi ilimuuliza swali lile lile la mkoloni, hilo mimi bado linaniuma. Wengi waliopelekwa walirudi, maana tumbo halisomi gazeti la serikali.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake ya maisha, si kwa tendo lake. Ikazitaka nchi zizifute au zizirekebishe. Yalikuwa maoni ya ushauri, na askari wa doria hapewi nakala.