Kilichomo Ndani ya Mpini

Mwaka jana mjukuu wangu anayesoma Leeds, Uingereza, alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, nataka kununua upanga."

Nilimwuliza amepata shamba wapi. Akacheka. Hakuwa na haja ya panga la kufyekea, bali upanga ulionyooka, wenye makali pande mbili, mfano wa zile walizobeba wapiganaji wa Ulaya katika Zama za Kati. Yeye na wenzake hukutana mara moja moja nyuma ya nyumba ya mmoja wao, wakajifunza kukata chupa za plastiki zilizojaa maji na mikeka iliyolowekwa na kuviringishwa. Fedha zake ni za mwanafunzi. "Babu ulifundisha historia," akasema. "Nichagulie wa bei nafuu."

Nilimwomba siku tatu. Msomaji asishangae. Chuo cha ualimu kilinifunza kwamba mwalimu asiyejiandaa asiingie darasani, na desturi hiyo haikustaafu pamoja nami.

Nilianza kwa kusahihisha kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi kwamba panga za Wazungu wa kale zilikuwa nzito mno hata mtu dhaifu asingeweza kuziinua. Si kweli. Upanga wa kawaida wa mkono mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 1 na kidogo, mara chache kufikia kilo 1.5; yaani haukufika pakiti mbili za sukari. Mfereji unaopita katikati ya bapa, ambao wengi hudhani ulichimbwa ili damu ipite, kazi yake ni kupunguza uzito bila kupoteza nguvu. Basi mfano ulio mzito kama nondo si mfano mwaminifu, na utamchosha mkono kabla ya chupa ya tano.

Jambo la pili ni umbo. Mwingereza Ewart Oakeshott, aliyefariki mwaka 2002, alizipanga panga za Zama za Kati kwa aina, kuanzia ya X hadi ya XXII, akifuata hasa umbo la bapa. Wakati adui alipovaa vazi la pete za chuma, bapa lilikuwa pana na jembamba, la kukata. Katika karne ya 14, mabamba ya chuma yalipozidi kuenea mwilini, panga nyingi zilikuwa nyembamba kuelekea nchani, zenye mgongo mgumu katikati, za kudunga penye upenyo. Mtu wa kukata chupa na mikeka asichague upanga uliobuniwa kudunga penye mabamba, hata ukimpendeza macho. Nilimwelekeza kwenye aina ya X au ya XII.

Jambo la tatu ndilo lililonikosesha usingizi, nalo ni chuma chenyewe. Wazee wetu wa pwani waliuita upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili, upanga wa feleji. Na feleji ni chuma cha pua kilicho bora. Jina lilitaja chuma, halikutaja pambo. Huko Ulaya nako, kati ya karne ya 9 na ya 11, zilitengenezwa panga zilizoandikwa jina Ulfberht kwenye bapa. Wataalamu walipozichunguza waliona kwamba baadhi ni za chuma cha pua kizuri sana, na nyingine ni za chuma laini, herufi za jina zikiwa zimekosewa mahali. Udanganyifu wa sokoni, basi, una umri wa miaka elfu.

Leo udanganyifu huo una sura mpya. Upanga wa ukutani hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, unang'aa kama kijiko, lakini bapa refu la chuma hicho huweza kukatika likipigwa. Mbaya zaidi ni msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Katika upanga wa kweli msuka ni mpana, umefuliwa kipande kimoja na bapa, nao hupita mpini mzima hadi kwenye tufe la chuma la mwishoni, ambako ncha yake hupondwa ili ishike. Katika upanga wa urembo mara nyingi msuka ni kijiti cha chuma kilichochomelewa tu. Kikikatika, bapa huruka. Mnunuzi hawezi kukiona, kwa sababu mpini umekifunika.

Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia hata baba yake kijana huyu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijijini. Tulikuwa na shamba la shule, kama ilivyotakiwa na siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Mapanga yalipokwisha, nilikwenda mjini na fedha kidogo. Niliona ya namna mbili. Kwa bei ya mapanga kumi mazuri ningepata kumi na sita ya rahisi, nami nilikuwa na wanafunzi wengi. Nilichukua ya rahisi, nikarudi nikijisifu kwa kubana matumizi. Wiki ya pili, mvulana mmoja akifyeka, bapa lilichomoka na kumpata mwenzake kwenye muundi. Alipona, lakini alichechemea hadi alipomaliza darasa la saba.

Baba yake alikuja ofisini. Hakufoka. Aliuchukua ule mpini mezani, akaugeuza, akatazama ndani. Msuka ulikuwa mfupi kama kidole, ukishikiliwa na msumari mmoja. Aliuweka tena mezani, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Mpaka leo ningependa kama angenitukana.

Siku ya tatu nilimpigia mjukuu wangu nikamweleza yote. Nilimwambia atafute chuma cha kaboni cha namna ya springi, kilichochovywa na kurudishwa motoni kwa kipimo, ili bapa likipindishwa kidogo linyooke lenyewe. Aulize msuka ukoje, na muuzaji asiyejibu amwache. Kila kabla ya kukata, autikise na kusikiliza kama kuna kinachogonga ndani ya mpini. Na mtu yeyote asisimame mbele yake wala ubavuni.

"Babu, wa namna hiyo ni dola 300 au zaidi," akasema. "Ninazo 90."

"Basi subiri."

Alinyamaza. Nilijua amekwisha kuuona mmoja wa dola 90, na pengine amekwisha kuupenda.

Alisubiri miezi saba. Mwezi uliopita alinitumia picha. Hakupiga bapa wala makali. Alipiga mwisho wa mpini, mahali ncha ya msuka ilipopondwa juu ya tufe, chuma kikiwa kimetapakaa kidogo kama nta.

Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, nikamkumbuka yule mzee ofisini kwangu.