Waraka usio na mwenyewe

Barua 13 za Agano Jipya zenye jina la Paulo huanza zote kwa jina hilo. Anajitaja, anawataja anaowaandikia, anawasalimu, ndipo anaingia kwenye shauri lake. Ndivyo watu walivyoandikiana katika dola ya Warumi, awe mfanyabiashara au askari anayemwandikia mama yake. Waraka kwa Waebrania haufuati utaratibu huo. Hakuna jina, hakuna hodi, hakuna salamu. Unaanza moja kwa moja na Mungu aliyesema na mababu zamani kwa vinywa vya manabii, na kutoka hapo mwandishi hapumui mpaka amefika mbali. Ni mwishoni kabisa, katika sura ya 13, ndipo unapofanana na barua: Timotheo amefunguliwa, walio wa Italia wanawasalimu. Basi. Aliyeandika hakujitaja.

Hata hivyo, kwenye makanisa yetu si ajabu kumsikia mhubiri akisema, “Paulo anatuambia katika Waebrania,” na hakuna anayeshtuka. Hata Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James iliuita waraka wa Mtume Paulo. Mwaka 1914 tume ya Biblia ya Vatikano iliwataka Wakatoliki waendelee kuuhesabu kuwa wa Paulo, ingawa iliruhusu mtu kufikiri kwamba si yeye aliyeyapanga maneno yake. Msimamo huo haukudumu. Leo wasomi wa Biblia, Wakatoliki kwa Waprotestanti, karibu wote wanakubaliana kwamba Paulo hakuuandika. Kinachonivutia mimi ni namna jina lenyewe lilivyopatikana, na kilichofunikwa lilipokwisha kubandikwa.

Mashaka si uvumbuzi wa wasomi wa Ulaya. Yalianza Afrika, katika mji wa Iskanderia nchini Misri. Eusebio wa Kaisaria, aliyeandika historia ya kanisa mwanzoni mwa karne ya 4, ndiye aliyetuhifadhia walichosema walimu wa mji ule. Mzee mmoja wao alieleza kwamba Paulo alificha jina lake kwa unyenyekevu, kwa kuwa mtume wa Waebrania alikuwa Bwana mwenyewe na Paulo alitumwa kwa mataifa. Klementi wa Iskanderia akaongeza la kwake: Paulo aliandika kwa Kiebrania, Luka akafasiri kwa Kigiriki, ndiyo maana lugha yake inafanana na ya Matendo ya Mitume. Jina halikuwekwa, alisema Klementi, kwa sababu Wayahudi walikuwa wamekwisha kumtilia shaka Paulo, na mtu mwerevu hawafukuzi wasomaji mlangoni.

Maelezo hayo mazuri yanatuambia jambo moja: watu wa Iskanderia walisoma Kigiriki kama lugha yao, na masikio yao yalikataa. Huyu siye Paulo. Paulo huandika kwa kukatiza sentensi, hukasirika katikati ya aya, husahau alikoanzia. Mwandishi wa Waebrania hupanga maneno kwa vina na mizani, na Kigiriki chake ni miongoni mwa vilivyo safi kuliko vyote katika Agano Jipya. Origene, msomi mkubwa kuliko wote wa mji huo, alisema bila kuzunguka kwamba mawazo yanastahili mtume lakini maneno ni ya mtu mwingine, na kwamba aliyeandika hasa ni nani, Mungu ndiye ajuaye. Alitaja kwamba wengine walimdhania Klementi wa Roma na wengine Luka. Hakuchagua upande. Kwa maoni yangu, katika miaka karibu 1,800 iliyofuata hajapatikana aliyesema jambo la maana zaidi kuhusu jina hilo.

Magharibi hali ilikuwa tofauti. Roma iliujua waraka huu mapema sana. Barua iliyotoka kanisa la Roma kwenda Korintho, ambayo kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 96, imechota waziwazi kutoka humo. Lakini Roma hiyohiyo haikuukubali kuwa wa Paulo. Huko Kartago, Tertuliano alidai karibu na mwaka 220 kwamba ni wa Barnaba, Mlawi wa Kipro, na alikuwa na sababu ya kuutaka: sura ya 6 inasema kwamba walioonja nuru kisha wakaanguka haiwezekani kuwarudisha tena watubu. Tertuliano alikuwa akipinga wazinzi kupokewa tena kanisani.

Kisha ikaja amri ya Kaisari Decius, aliyetawala kuanzia 249 hadi 251, kwamba kila mtu aitolee dhabihu miungu ya dola. Wakristo wengi walikubali ili wapone. Dhiki ilipopungua, wakarudi wakilia. Maaskofu walio wengi waliwafungulia mlango baada ya toba. Wafuasi wa Novatiano wa Roma wakakataa katakata, wakiwa na sura ile ya 6 mkononi. Waraka usio na jina, unaowapa wapinzani wako silaha, ni rahisi kuuweka kando. Sidhani kama ni bahati tu kwamba magharibi waliuchelewesha kwa zaidi ya karne nzima.

Uliingia kwa jina. Mwaka 367 Athanasio, askofu wa Iskanderia, alitoa orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, tunavyovisoma mpaka leo, na kwake Paulo ana barua 14. Huku Afrika ya Kaskazini maaskofu walikutana Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397, na orodha yao ina hesabu ya kuchekesha kidogo: barua za Mtume Paulo 13, na ya huyohuyo kwa Waebrania moja. Kwa nini wasiseme 14? Kwa sababu walijua. Waliihesabu pembeni kama mgeni aliyepewa kiti lakini hajaulizwa jina. Katika mtaguso wa Kartago wa mwaka 419 hesabu ikawa 14, na mjadala ukalala kwa karibu miaka elfu.

Nakala za zamani nazo zina yake. Kitabu cha mafunjo cha Misri cha karibu mwaka 200, ambacho leo majani yake 56 yako Dublin na 30 katika Chuo Kikuu cha Michigan, kimeuweka Waebrania mara tu baada ya Warumi, katikati ya barua za Paulo. Kwa aliyekinakili, suala lilikuwa limekwisha. Na katika nakala mashuhuri ya karne ya 4 iliyoko maktaba ya Vatikano, pembeni mwa sura ya 1 kuna ugomvi uliohifadhiwa kwa wino. Mnakili mmoja alibadilisha neno katika mstari wa 3. Mwingine, baadaye, alilirudisha neno la kwanza, kisha akamwandikia mwenzake pembeni akimwita mjinga na mtu mbaya, na kumwamuru aliache neno la kale lilivyo. Wanaodhani maandiko yalinakiliwa kwa utulivu wa kimalaika waitazame pembe hiyo.

Tukirudi kwenye maandishi yenyewe, ushahidi dhidi ya Paulo si mtindo tu. Sura ya 2 mstari wa 3 inasema kwamba wokovu ulinenwa kwanza na Bwana, kisha “sisi” tukauthibitishiwa na waliomsikia. Mwandishi anajiweka kizazi cha pili. Paulo, akiwaandikia Wagalatia, alikuwa tayari kugombana na yeyote aliyedai kwamba alifundishwa injili na mwanadamu.

Na dhana ya Klementi wa Iskanderia kwamba kulikuwa na asili ya Kiebrania? Fungua Zaburi ya 40 mstari wa 6. Katika Kiebrania, mwomba zaburi anasema Mungu hakutaka dhabihu bali amemzibua masikio. Sasa fungua Waebrania 10:5, panaponukuliwa zaburi hiyohiyo: masikio hayapo, pana mwili uliotayarishwa. Mwandishi hakukosea. Alikuwa akisoma Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki iliyoanzwa na Wayahudi wa Iskanderia katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na hoja yake yote ya sura ya 10, kwamba mwili wa Kristo umechukua nafasi ya wanyama wa madhabahuni, imesimama juu ya neno hilo. Kwa Kiebrania hoja hiyo isingekuwapo.

Kwa hiyo tunaye mtu wa Kigiriki. Lakini ni Myahudi kwa kila namna anavyofikiri. Anapenda hoja inayotoka kwenye jambo jepesi kwenda kwenye zito: ikiwa damu ya mbuzi ilifanya hivi, si zaidi sana damu ya Kristo? Mapokeo ya marabi yanaiweka hoja hiyo ya kwanza katika kanuni saba za Hillel za kufafanua Torati. Anaunganisha Zaburi ya 95 na Mwanzo 2 kwa sababu zote mbili zinataja pumziko, kanuni nyingine ya Hillel. Kazi yake nzima anaiita neno la maonyo, na kwa Kigiriki ni jina lilelile ambalo wakuu wa sinagogi la Antiokia ya Pisidia wanalitumia katika Matendo 13 wanapowaalika wageni kuhutubia baada ya kusomwa Torati na Manabii. Huenda tunachokiita waraka ni mahubiri ya sinagogi yaliyotiwa salamu mwishoni yakatumwa.

Halafu kuna Melkizedeki. Katika Mwanzo anatokea kwenye mistari mitatu tu, mfalme wa Salemu na kuhani, anambariki Abrahamu, anapewa fungu la kumi, anapotea. Torati haikutaja baba yake wala mama yake, wala kuzaliwa wala kufa. Mwandishi wa Waebrania anaujengea ukimya huo sura nzima: ambaye hana mwanzo katika maandiko hana mwanzo. Wakristo wengi walilisoma jambo hilo kama wazo lililotoka kwa mtu huyu peke yake. Kisha mwaka 1956 likafunguliwa pango la 11 la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, na kati ya vipande vya magombo kikatoka kimoja, kilichochapishwa 1965, ambamo Melkizedeki ni mkuu wa mbinguni anayekuja kuhukumu na kuwatangazia watu msamaha katika mwaka wa yubile. Wayahudi wengine walikuwa wakimwazia Melkizedeki makuu hata kabla ya waraka huu. Yigael Yadin, mwanaakiolojia wa Israeli, aliwahi kupendekeza mwaka 1958 kwamba walioandikiwa walikuwa watu waliotoka katika jamaa ya Wayahudi wenye magombo hayo ya Qumran. Alivuka mpaka, nadhani, lakini alitazama upande ulio sahihi.

Majina mengine yalipendekezwa. Martin Luther, ambaye katika tafsiri yake ya 1522 aliusukuma waraka huu karibu na mwisho wa kitabu bila kuupa namba, alikuja kumtaja Apolo, yule Myahudi wa Iskanderia anayesifiwa katika Matendo 18 kwa ufasaha na kuyajua maandiko. Calvin alikataa Paulo, akabaki kati ya Luka na Klementi wa Roma. Mwaka 1900 Mjerumani Adolf von Harnack alimtaja Prisila, mke wa Akila na mwalimu wa Apolo, akisema jina lilifutwa kwa kuwa lilikuwa la mwanamke. Kisa kinavutia, ila katika 11:32 mwandishi anajisemea kwa umbo la kitenzi ambalo Kigiriki hulitumia kwa mwanamume. Apolo anafaa kuliko wote, na bado nina swali: watu wa Iskanderia, waliouthamini waraka huu kuliko wengine, wangemsahauje mtoto wa mji wao?

Katika sura zote 13 neno “Mkristo” halimo. Tohara haimo. Mataifa hawamo. Kuna hema ya jangwani, kuhani mkuu, damu, pazia, na Yeremia anayeahidi agano jipya kwa nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, nukuu iliyo ndefu kuliko zote katika Agano Jipya. Wahubiri wa baadaye waliichukua sura hiyo ya 8 wakaifanya hati ya kuwafukuza Wayahudi. Kwangu huo ni usomaji wa mtu asiyejua aliyeandika wala walioandikiwa, kwa maana Yeremia naye alikuwa Myahudi akiwakemea ndugu zake.

Kuhusu tarehe wasomi hawajapatana. Mwandishi anawataja makuhani kana kwamba bado wanahudumu, hivyo wengine huuweka waraka kabla ya mwaka 70, Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Lakini Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, aliandika kuhusu dhabihu hivyohivyo miaka mingi baada ya moto. Baada ya maangamizi hayo walimu walikusanyika Yavne wakiongozwa na Yohanan ben Zakkai, na mapokeo yanasimulia kwamba mwanafunzi wake alipolia kwa kuona magofu ya mahali pa kufanyia upatanisho, Yohanan alimjibu kwa Hosea: matendo ya huruma yatashika nafasi ya dhabihu. Mwandishi wa Waebrania, awe aliandika kabla ya moto ule au baada yake, alilijibu swali hilohilo kwa Zaburi ya 110, yenye kuhani wa milele kwa mfano wa Melkizedeki.